Somo: Historia ya Breki ya Diski, na Sababu ya Kalipa za Nyuma Kuganda

   Soma polepole, na penye neno la kifundi umwombe fundi wa karibu akuonyeshe chuma chenyewe.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya breki ya motokaa. Tutaianza kwa jambo ambalo bila shaka umepata kuliona. Gari la zamani limekaa chini ya mwembe tangu mvua za Novemba hata zimekwisha. Mwenyewe amepata fedha ya betri, injini inawaka vizuri, majirani wanashangilia. Anatia gia, gari halitoki. Likivutwa kwa trekta, magurudumu ya mbele yanazunguka, lakini ya nyuma yanaburuzwa na kuchora mistari ardhini. Breki ya mkono imeachiwa. Kwa nini basi magurudumu ya nyuma yakatae? Jibu lake lina umri wa zaidi ya miaka 120, na sehemu yake kubwa ni habari ya adui wawili tunaowajua sana huku kwetu, yaani vumbi na maji.

Kwanza tujikumbushe jinsi magurudumu ya chuma na ya mpira yalivyofika Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilometa 210 hivi, ilifika mwaka 1950. Haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa ili kuchukua madini ya risasi kutoka mgodi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na mji ukabaki nayo. Ukienda stesheni utaiona breki ya behewa kwa macho yako: kipande cha chuma kinasukumwa kibane gurudumu lenyewe. Ni breki iliyo wazi, haina siri.

Breki ya malori na Land Rover za siku zile ilikuwa namna nyingine. Land Rover ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ilikuwa na dramu katika magurudumu yote manne. Dramu ni kama sufuria ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vilivyopinda ambavyo hutanuka na kuusugua ukuta wa sufuria. Wazo hilo alilisajili Mfaransa Louis Renault mwaka 1902. Ni breki nzuri, nayo yafaa kuheshimiwa, kwa kuwa imewabeba babu zetu. Ila ina kasoro mbili. Maji yakiingia ndani hayatoki upesi, na joto likizaliwa ndani halitoki upesi vilevile.

Hapa yatupasa kutua kidogo kwenye habari ya joto, maana bila hiyo hutaelewa mengine. Breki haiumezi mwendo wa gari, bali huugeuza kuwa joto. Chukua gari la tani mbili linaloshuka kutoka nyanda za juu za Ufipa kuelekea bonde la Rukwa. Tuseme limeshuka mita 700. Kama dereva angekanyaga breki tu, pasipo kusaidiwa na injini wala upepo, joto litakalozaliwa katika zile breki nne lingetosha kuchemsha kiasi cha lita 40 za maji baridi. Hayo ni madebe mawili, yachemke yote, katika vyuma ambavyo waweza kuvibeba kwa mikono miwili. Ndiyo sababu dereva mwenye akili hushuka mlima kwa gia ndogo. Na ndiyo sababu watu walitafuta breki ambayo chuma chake kinapigwa na upepo.

Breki ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kubuniwa. Mwaka uleule wa 1902 ambao Renault alisajili dramu yake, Mwingereza Frederick Lanchester, wa mji wa Birmingham, alisajili breki ya diski. Badala ya sufuria aliweka sahani nyembamba ya chuma inayozunguka wazi, na badala ya viatu vya ndani aliweka kitu kama koleo, kinachoibana sahani hiyo huku na huku. Koleo hilo ndilo mafundi wetu wanaloliita kalipa, na vile vipande vinavyosugua ni pedi. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema diski ni uvumbuzi wa juzi, mwambie ni umri mmoja na dramu.

Mbona basi dramu ilishinda kwa miaka hamsini? Jawabu litawafurahisha watu wa Katavi. Barabara za Uingereza siku hizo zilikuwa za vumbi na matope kama zetu. Pedi za Lanchester zilikuwa za shaba, na vumbi liliingia kati ya shaba na sahani likaila shaba upesi, na kelele yake ilikuwa ya kutisha. Sufuria ya Renault ilikuwa imejifunika. Vumbi ndilo lililoamua, wala si akili ya mvumbuzi.

Dawa ya kelele na ya kulika ilipatikana upesi kidogo. Mwingereza mwingine, Herbert Frood, aliacha shaba akatumia asbesto, kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Asbesto haiungui, nayo husugua vizuri, ikatumika duniani kote karibu karne nzima. Lakini vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi ya kuua, na maradhi hayo huchukua miaka mingi kujitokeza. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Ndugu yangu uliye gerejini, pedi na viatu vya gari la zamani huwezi kujua vimetengenezwa kwa kitu gani. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo, wala kwa pampu ya upepo. Lilowanishe kwa maji, ulipanguse kwa kitambaa, na kitambaa ukakitupe. Nalisema kwa nguvu kwa kuwa nimewaona vijana wengi wakipuliza.

Sasa ikabaki shida ya nguvu. Breki za kwanza zilivutwa kwa fito na kamba za waya, na gurudumu moja lilibanwa zaidi ya jingine, gari likavuta upande. Mmarekani Malcolm Loughead alifikiri kutumia maji badala ya waya, kwa kuwa maji yaliyofungiwa ndani ya bomba husukuma sawasawa pande zote. Gari la Duesenberg la mwaka 1921 lilikuwa na breki za namna hiyo katika magurudumu manne, na mwaka 1924 magari ya Chrysler yakazichukua, yakiwa na raba bora za kuzuia kuvuja. Maji ya kawaida hayakufaa, maana huganda penye baridi, huchemka upesi, na hutia kutu. Kwa hiyo zamani walichanganya spiriti na mafuta ya mbarika, ule mmea unaoota nyuma ya nyumba zetu. Mafuta ya mbarika hayaiharibu raba ya asili. Mafuta ya petroli na ya injini huiharibu: raba huvimba na kulegea kama mkate uliotiwa chai. Kumbuka neno hili, tutalirudia.

Diski ilirudi kwa mlango wa ndege na wa mashindano. Ndege nzito za wakati wa vita vya pili na baada yake zilihitaji breki isiyoshindwa na joto, na kampuni ya Dunlop ilizifanyia kazi. Kisha mwaka 1953, huko Le Mans Ufaransa, katika mashindano ya saa 24, gari la Jaguar lenye diski lilishinda. Madereva wake, Tony Rolt na Duncan Hamilton, waliweza kuchelewa kukanyaga breki kila penye kona, huku wenzao wa dramu wakianza kupunguza mwendo mapema. Miaka miwili baadaye Citroën ikatoa DS, gari la watu wa kawaida, lenye diski mbele.

Usidhani kwamba dramu ilikufa siku ile. Mwaka huohuo wa 1953 yalianza mashindano yetu wenyewe ya Afrika Mashariki, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakiitwa Coronation Safari kwa kuwa Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa akitawazwa. Mwaka 1963 mvua ilikuwa mbaya hata katika magari 84 yaliyoanza yalimaliza 7 tu, na lililoshinda lilikuwa Peugeot 404, lenye dramu. Kwenye tope zito sufuria iliyofunikwa ilikuwa bado na heshima yake. Hata hivyo mwaka 1975 ilishinda Peugeot 504, nayo ilikuwa ya diski.

Mwaka 1970 likatoka gari linalotuhusu zaidi, nalo ni Range Rover, gari la porini lenye diski katika magurudumu yote manne. Mwaka 1989 likafuatwa na ndugu yake, Discovery. Magari ya jamii hii yaliingia nchini kwa miradi, mashirika na watalii, na yalipochakaa yaliuzwa kwa watu binafsi. Kalipa zake za nyuma zina pistoni mbili zinazotazamana, moja kila upande wa diski. Basi hapo ndipo tunapokutana na gari letu lililo chini ya mwembe.

Ukikanyaga breki, uzito wa gari huinamia mbele. Kwa hiyo waundaji huzipa breki za mbele sehemu kubwa ya kazi, na za nyuma huzipa kidogo, zisije zikafunga magurudumu na kuligeuza gari. Maana yake ni kwamba kalipa ya nyuma ni mfanyakazi asiyepewa kazi ya kutosha. Pistoni yake hutembea kidogo sana, haipati joto la kuikausha, na juu ya hayo hutupiwa tope lote linalorushwa na gurudumu la mbele. Ulaya mafundi hulaumu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Sisi hatuna chumvi hiyo. Tuna tope la mbugani, na tuna kusubiri. Gari la Mpanda husubiri spea, husubiri fedha, husubiri barabara ikauke, na kila siku ya kusubiri ni siku ya kutu.

Adui wa pili yumo ndani. Mafuta ya breki ya siku hizi hunywa maji kutoka hewani, polepole, hata kupitia mipira ya breki. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakiisha kunywa maji kipimo chake hushuka hata nyuzi 140. Citroën waliisikia taabu hii mapema. DS ilitumia mafuta yaleyale mekundu kwa breki, springi na usukani, na kutu ikawasumbua mpaka mwaka 1966 walipobadili, wakaleta mafuta ya kijani ya jamii ya petroli yasiyonywa maji, pamoja na raba za namna nyingine. Magari mengine mengi yalibaki na mafuta yanayonywa maji, na haya ndiyo yaliyomo katika gari lako.

Sasa tuifungue hiyo kalipa. Lakini kabla ya jeki, tega magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa. Katika Range Rover na Discovery za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka kwenye gia. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu hulizungusha hilo lililo hewani, na gari laweza kuondoka juu ya jeki huku breki ya mkono imevutwa. Watu wameumia kwa kutojua hivyo. Weka stendi au magogo imara chini ya ekseli, usilale chini ya jeki peke yake.

Ukiisha, jiulize kama kosa kweli ni la kalipa. Legeza ile skrubu ndogo ya kutolea upepo. Gurudumu likiachia mara moja na mafuta yakaruka, kalipa haina kosa. Mpira wa breki umevimba ndani, au kasoro iko kwenye masta silinda. Gurudumu likizidi kung'ang'ania, basi pistoni imeganda. Kipimo hiki kinachukua dakika mbili na huokoa bei ya kalipa nzima.

Namna salama ya kuitoa pistoni iliyoganda ni ile ya Loughead, yaani kwa nguvu ya mafuta. Iache kalipa ingali imeungwa kwenye bomba lake, toa pedi, weka kipande cha ubao kati ya pistoni, kisha mwenzako akanyage pedali pole pole. Moja ikitoka kabla ya nyingine, ibane ile nyepesi kwa jiliwa au kwa ubao mwingine. Wengine hutumia upepo wa kompresa. Upepo hurusha pistoni kama risasi ya bunduki, na kidole kilicho mbele yake hakirudi. Wala usiishike pistoni kwa koleo penye ule uso unaong'aa, maana mkwaruzo mmoja utavuja daima.

Hapa nataka ukae sana, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupoteza kazi yao. Katika silinda ya dramu, raba hutembea pamoja na pistoni, kwa hiyo ukuta wa silinda sharti uwe laini kabisa. Katika kalipa ni kinyume. Raba ni pete ya pembe nne iliyokaa katika mfereji ndani ya kalipa, haitembei. Inayotembea ni pistoni, ikipita katikati ya pete. Pistoni ikisukumwa, pete hujipinda kidogo, na mguu ukiondoka pete hujinyoosha na kuirudisha pistoni. Hakuna springi nyingine. Kurudi kwote kwa breki kunategemea ile raba ndogo. Kwa hiyo uso wa pistoni ndio usiotakiwa kuwa na kutu hata chembe. Ikiwa na vishimo, msasa hautakusaidia. Tafuta mpya, na ikiwezekana ya chuma kisichoshika kutu. Ukuta wa kalipa wenye alama kidogo unasameheka.

Usiosameheka ni mfereji. Kutu ikijijenga chini ya pete huisukuma pete imkabe pistoni, na breki itaganda tena baada ya mwezi, nawe utasema raba ulizouziwa ni mbovu. Kwangua mfereji kwa kijiti kigumu au waya wa shaba mpaka uone chuma kitupu kotekote, bila kukata kingo zake. Osha kwa spiriti, au kwa mafuta mapya ya breki. Usioshe kwa petroli, dizeli wala mafuta ya taa, kwa sababu uliyoisikia katika habari ya mbarika. Boliti zinazounganisha nusu mbili za kalipa ziache zilivyo.

Tia pete mpya katika mfereji kwa vidole, ukiwa umezipaka mafuta mapya ya breki. Paka na pistoni, uiingize wima kwa kuisukuma kwa vidole gumba. Ikikataa, itoe uanze tena, usiigonge kwa nyundo. Kisha vaa kifuniko cha vumbi, na uhakikishe kimekaa katika mahali pake pande zote, maana kikiacha mwanya, vumbi lililomshinda Lanchester litapita hapohapo. Fanya kalipa zote mbili za nyuma hata kama moja ndiyo iliyoganda. Ile ya pili imekaa chini ya mwembe uleule.

Neno kwa wenye magari madogo ya saluni. Baadhi yao yana breki ya mkono ndani ya kalipa yenyewe, na pistoni yao ina skrubu kwa ndani. Hairudishwi kwa kusukumwa, bali kwa kuzungushwa huku ukiikandamiza. Mwenye kuibana kwa nguvu ataivunja skrubu.

Mafuta ya kujazia yawe ya kopo jipya lililofunguliwa mbele yako. Yale ya kupimiwa katika chupa ya soda yamekunywa maji ya siku nyingi, hata yakiwa safi kwa macho. Toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa gari la usukani wa kulia huwa la nyuma kushoto, mpaka pasitoke povu hata moja. Mafuta yakidondokea rangi ya gari yaoshe kwa maji mara moja.

Ukimaliza, usiende moja kwa moja kwenye mteremko. Pampu pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu. Endesha polepole mahali tambarare, kilometa tano hivi, ukisimama mara chache. Kisha shuka, peleka kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Ya nyuma mawili yawe na joto la kulingana. Likizidi moja kwa joto, pistoni ya upande ule hairudi bado, na kazi ianze tena kwenye mfereji.

Kikundi chenu kikikutana kabla ya somo lijalo, tafuteni gari moja la zamani ambalo mwenyewe ameridhia, mkapime magurudumu yake kwa namna hiyo, na mwandike mlichoona pamoja na muda ambao gari hilo lilikaa bila kutembea.